Biskuti za tende za kwetu: maswali mnayoniuliza kila Ramadhani ikikaribia

Mwezi wa Mlisho ukiandama tu, simu yangu haitulii. Dada yangu aliyeko Maskati anauliza samli kiasi gani, binamu yangu wa London jiko lake linamuunguzia chini, na wifi yangu hapa hapa Unguja anataka kujua kwa nini zake zimepasuka. Biskuti hizi alizipika mama yake bibi, akazipika bibi, akazipika mama, na sasa sinia liko mikononi mwangu. Nimeyakusanya maswali yote pamoja na majibu yake. Yasome hata kama umeshawahi kupika, maana makosa mengi yanayoniletea simu za usiku yana mizizi miwili tu: tende yenye maji, na unga uliokandwa kupita kiasi.

Biskuti za tende ni kitu gani hasa?

Ni donge dogo la unga wa ngano uliofikichwa kwa samli, lenye tende iliyopondwa ndani, pamoja na iliki, ufuta na mdalasini. Juu linachorwa kwa uma, kisha linaokwa mpaka chini lipate rangi ya dhahabu na juu libaki karibu jeupe. Si andazi, haliumuki. Wala si kileja. Kileja ni cha unga wa mchele na hakina kitu ndani. Ukiiuma biskuti ya tende iliyopikwa sawasawa, ganda linamumunyuka kabla jino halijafika kwenye tende. Ikikulazimu kutafuna ganda, kuna mahali umekosea.

Asili yake wapi?

Kutia tende ndani ya unga hatukuanza sisi. Wairaki wana kleicha, watu wa Sham wana maamuli yanayochapwa kwa kibao cha mti kilichochongwa maua, Wamisri wana kahki zao za Idi. Sisi wa pwani tende ilitufikia kwa jahazi. Oman huvuna tende wakati wa kiangazi chao, kuanzia mwezi wa Juni hivi mpaka Septemba. Zikishakauka na kufungwa, upepo wa kaskazi nao unakuwa umekaribia, na majahazi yalishuka nao mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Yalishusha tende na papa mkavu, yakakaa bandarini, na kusi ilipoanza yakarudi yamepakia boriti za mikoko.

Mitende ipo pwani, lakini tende hutaka joto kavu wakati wa kuiva, na hewa yetu ina unyevu, mvua nazo hazina subira. Kwa hiyo mti tunao, tunda tunaliagiza.

Nimeieleza habari ya jahazi kwa sababu imebaki ndani ya mapishi. Mama yake bibi alinunua tende za kanda, zimeshindiliwa hata zikawa kama jiwe, zinachongwa kwa kisu kizito. Tende za namna hiyo huwezi kuziponda hivi hivi, lazima uzipige mvuke kwanza. Mpaka leo sisi tunapiga tende mvuke, hata zikiwa zimetoka dukani laini.

Vipimo kamili ni vipi? Kila ninayemuuliza ananiambia "kadiria".

Hata mimi niliambiwa hivyo. Bibi hakuwa na kipimo zaidi ya kikombe kimoja cha chai kilichokatika mkono, na samli aliimimina kwa jicho. Nilipomuuliza kiasi gani, alisema, "Tia mpaka unga unyamaze." Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Siku moja nikakaa pembeni yake na mizani ya jikoni, nikawa napima bakuli la unga na kopo la samli kabla na baada. Nikarudia Ramadhani tatu. Mkono wa bibi haukupishana hata gramu 15.

Kwa hiyo hivi ndivyo vipimo vyake, vinatoa biskuti 40.

Ganda: unga wa ngano mweupe gramu 500, samli gramu 225, sukari laini iliyosagwa gramu 60, maziwa ya vuguvugu mililita 110, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai.

Tende: tende zilizokwisha kutolewa kokwa gramu 500, samli vijiko viwili vya kulia, ufuta uliokaangwa vijiko vitatu vya kulia, iliki kijiko kimoja cha chai, mdalasini nusu kijiko.

Kila donge la unga liwe na gramu 22, na kidonge cha tende gramu 14. Ukipima vidonge vitano vya mwanzo, mkono utashika wenyewe. Ile hamira ya unga ya kuumulia keki usiitie. Najua wengi wanatia, lakini biskuti inavimba na mchoro unafutika.

"Unga kunyamaza" maana yake nini?

Chukua unga mkavu, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio. Una sauti, unakwaruza kidogo. Sasa pasha samli mpaka iwe moto wa kuchoma kidole lakini haijatoa moshi, imimine juu ya unga uliochungwa pamoja na chumvi, sukari na iliki. Koroga kwa mwiko kwanza, usiingize mkono ukaungua. Ikipoa kidogo, anza kufikicha: chota unga kwa mikono miwili, usugue viganjani, uuache uanguke. Endelea hivyo dakika kumi nzima. Mwisho wake unga hauna sauti tena, umekuwa kama mchanga wa pwani maji yakishatoka.

Kipimo cha pili ni kufumbata. Kamata konzi ya unga, ifumbate, fungua kiganja. Donge likae bila kumomonyoka, na ukilisukuma kwa kidole livunjike safi. Likimomonyoka lenyewe, ongeza kijiko cha samli. Likinata, samli imezidi. Ongeza unga kidogo kidogo.

Kazi yote hii ina sababu. Ngano ikikutana na maji na kukandwa inatoa mnato, ule unaofanya chapati ivutike. Kwenye biskuti mnato ni adui. Samli ya moto inaivisha kila chembe ya unga koti la mafuta, maji yakija baadaye hayapati pa kuingilia. Ndiyo maana maziwa ni ya mwisho, na yakishaingia husikandi. Unakusanya tu unga ukamatane, unafunika kwa kitambaa kibichi, unaupumzisha nusu saa. Mtu aliyezoea kukanda maandazi hapa anateseka, mikono inataka kazi. Izuie.

Nina siagi tu, samli sina.

Inafaa, lakini siagi ina maji ndani yake. Mafuta ni kama asilimia 80 na kitu. Tia gramu 275 badala ya 225, na maziwa uyapunguze kwa mililita 45. Iyeyushe kwanza. Ladha itakuwa nyepesi. Samli ya ng'ombe ina harufu ambayo siagi haina, na harufu hiyo ndiyo inayowatoa watoto vyumbani. Mafuta ya kupikia ya maji sikushauri; ganda linakuwa gumu na halina harufu yoyote.

Ninunue tende gani?

Ukipata Fardh ya Oman, chukua hiyo. Ni nyeusi-nyeusi, imara, utamu wake hauzidi, na inakaa muda mrefu bila kuharibika. Khalas ni laini zaidi, ina rangi ya asali, nayo ni nzuri mno, ila ndani ya biskuti inayeyuka upesi kwa hiyo ikaushe vizuri motoni. Ajwa na Medjool waachie wageni wale na kahawa. Kuziponda ni kupoteza fedha. Tende za bei nafuu za boksi zinafaa kabisa, mradi usome boksi uone hazikupakwa sharubati ya sukari. Zenye sharubati zinachemka ndani ya jiko na kupasua ganda.

Na jambo moja sikubali lirukwe: kila tende ipasuliwe na kutazamwa ndani, moja moja, hata kama boksi limeandikwa kuwa kokwa zimeshatolewa. Mwaka mmoja nilinunua boksi katika duka nililoliamini, za juu zinang'aa, nikapasua ya kumi nikakuta unga-unga mweusi na mdudu amelala. Nilitupa boksi zima usiku wa kuamkia kazi. Kokwa iliyosahauliwa nayo si mchezo, imeshamvunja jino shangazi yangu.

Tende inatayarishwaje?

Zipige mvuke dakika 8 mpaka 10, kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, maji yasiziguse. Ziponde kwa mwiko au kinu. Weka samli kwenye kikaango, tia tende, koroga moto mdogo mpaka ziachane na kikaango na kuwa bonge moja linalong'aa. Hapo ndipo maji yanapotoka, usiwe na haraka. Epua, tia iliki, mdalasini na ufuta. Zikipoa kabisa, paka viganja samli, tengeneza vidonge 40 uvipange kwenye sinia.

Iliki itwange mwenyewe siku ile ile. Iliyosagwa ikakaa kwenye chupa miezi mitatu imebaki rangi tu. Wapo wanaotia marashi ya mawaridi kijiko kimoja. Mama alitia, bibi hakutia. Mimi namfuata bibi.

Nazifungaje bila kupasuka?

Liviringe donge la unga, libonyeze katikati kwa kidole gumba mpaka liwe kama kikombe cha kahawa, kingo ziwe nyembamba kuliko kitako. Weka kidonge cha tende, uvute kingo juu, uzikutanishe, uzibane. Liviringe tena taratibu, uliweke kwenye sinia upande wa mshono ukiwa chini, uligandamize kidogo kwa kiganja. Kisha chora: uma uingie mstari mmoja, halafu uupitishe mwingine kwa mshazari. Bibi alichora kama mshono wa ukili. Mchoro si urembo peke yake. Vitobo vya uma vinapitisha mvuke, na mvuke ukikosa njia unajitafutia.

Zikipasuka, angalia mambo haya kwa mpangilio huu: tende ilikuwa na maji, tende ilikuwa bado na moto ulipoifunga, unga ulikauka kwa kuachwa wazi, au moto wa juu ulikuwa mkali mno. Mara tisa katika kumi ni la kwanza.

Sina oveni. Naweza kutumia jiko la mkaa?

Bibi hakuwahi kumiliki oveni maisha yake yote, na biskuti zangu za oveni hazijafikia zake. Nataka niifafanue njia hii, maana vijana wanaiacha na wanaoijua wanapungua.

Tafuta sufuria kubwa nzito. Tandaza ndani yake mchanga mkavu uliochungwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vilivyo sawa, sinia dogo la bati ndilo litakalokaa hapo. Funika kwa sinia jingine bapa la bati linaloziba mdomo wote.

Washa makaa mengi mahali pamoja na usubiri yavae majivu meupe. Yakiwa bado yanatoa ndimi za moto hayajawa tayari. Yagawe mafungu matatu: fungu moja chini ya sufuria, mafungu mawili palia juu ya mfuniko, uyasambaze zaidi pembezoni kuliko katikati. Acha sufuria tupu ipate moto robo saa.

Kabla hujaingiza biskuti, nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha karatasi ya kuokea, kiweke ndani, funika, hesabu dakika tatu. Unga ukiwa kahawia hafifu, ingiza sinia. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza juu, si chini. Makosa ya jiko la mkaa karibu yote ni moto wa chini, kwa sababu hauuoni.

Usifunue kabla ya dakika 12. Baada ya hapo chungulia, inua biskuti moja kwa kisu utazame tumbo lake. Kwa kawaida zinamaliza dakika 20 mpaka 25. Bibi hakuhesabu dakika. Harufu ya samli ikigeuka na kuwa kama ya karanga zinazokaangwa, aliinuka.

Fanyia kazi hii uani au jikoni penye madirisha wazi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na imeshaua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Na kwa oveni?

Nyuzi joto 180, sinia safu ya katikati, dakika 18 hadi 22. Kama oveni yako ina feni, shusha mpaka 165. Kama inaunguza chini, kama ya binamu yangu, weka masinia mawili, moja juu ya jingine. Ndani ya oveni hazionekani kuiva, zinabaki laini na nyeupe juu, na hapo ndipo watu wanapoziacha dakika tano za ziada na kuziharibu. Tazama tumbo. Likiwa la dhahabu, toa, na usiziguse robo saa. Zikiwa moto zinavunjika.

Naweza kutumia tunda jingine?

Zabibu kavu na tini kavu zinakubali, zisage na kuzikausha motoni kama tende. Nanasi linawezekana kwa anayejua kusubiri: likunwe, likamuliwe maji, lipikwe na sukari na kijiti cha mdalasini mpaka mwiko ukipita uache njia isiyojaa, karibu saa nzima. Embe bivu limenishinda, maji yake hayaishi. Jamu ya chupa usijaribu, itatoka yote na kuungulia kwenye sinia.

Mama yangu ana kisukari. Nimpikie bila sukari?

Sukari ya ganda unaweza kuiacha, biskuti itabaki nzuri. Lakini tende yenyewe ni sukari kwa sehemu kubwa, zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo usimwambie kuwa hizi ni salama kwa sababu hukutia sukari. Mtengenezee ndogo, nusu ya kipimo, ale moja pamoja na chakula, na kiasi chake akakizungumze na daktari wake.

Zinakaa muda gani?

Zikipoa kabisa chini ya kawa, ziweke kwenye bati la kufunga vizuri, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Wiki tatu zinakaa bila tatizo, na siku ya tatu ndiyo tamu kuliko ya kwanza kwa sababu ganda limeshanywa harufu ya tende. Sisi tunaoka mwanzoni mwa kumi la mwisho ili Mfungo Mosi uzikute zimetulia. Usiziweke kwenye friji, zinakuwa ngumu. Mbichi unaweza kuzigandisha kwenye friza miezi miwili, ukizitoa ziingie jikoni moja kwa moja, ongeza dakika nne.

Watoto waanze lini kusaidia?

Mimi nilianza na kutoa kokwa nikiwa na miaka mitano, kisha kutwanga iliki, kisha uma. Unga sikuugusa mpaka nilipofika darasa la sita. Bibi alinishika mikono kwa nyuma, viganja vyake juu ya vyangu, tukafikicha pamoja, na alipoona nimebana sana alisema, "Usiukamate kama mwizi, mwanangu." Maneno hayo hayamo kwenye kipimo chochote nilichokiandika hapa, na sijui njia ya kuyaandika zaidi ya kuwashika wanangu mikono vile vile. Kwa hiyo usimwambie mtoto atazame tu. Mpe konzi yake ya unga, hata akiiharibu.

Sahani za majirani nazipangaje?

Kwetu ni biskuti saba kwa nyumba, pamoja na visheti au vileja pembeni, zifunikwe kwa kitambaa na zifike kabla ya sala ya Idi. Wagonjwa na wajane wapelekewe kwanza, tena apeleke mtoto. Sahani yako ikirudi na kitu, pokea kwa furaha. Ikirudi tupu, usiseme neno.

Nazitumaje mbali?

Chagua zilizookwa kavu kidogo, dakika mbili zaidi. Zifunge mbili mbili, matumbo yakiangaliana, kwenye karatasi ya kuokea. Tafuta bati ambalo zitalijaza kabisa, na nafasi iliyobaki izibe kwa karatasi iliyokunjwa, kwa sababu zinavunjwa na kutikisika. Litikise bati karibu na sikio. Likilia, fungua uongeze karatasi.